Fimbo Nyepesi kwa Vijito vya Milimani: Tunajibu Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu trauti, samaki wa maji baridi, wa mito midogo ya Aberdare na Mlima Kenya, na nyingi zinauliza habari ya fimbo. Zilizofanana tumeziunganisha. Kwa kuwa fimbo nyingi huandikwa vipimo vya futi, pauni na aunsi, tumevigeuza kuwa sentimita, kilo na gramu ili msomaji asihangaike dukani.

Nimezoea kuvua kambare na ngege mabwawani kwa fimbo nene ya futi saba. Sasa nataka kuingia mtoni kutafuta trauti. Kila fimbo nyembamba niliyoonyeshwa, muuzaji anasema ni nyepesi kabisa. Nitaijuaje ya kweli? (Msomaji, Nyeri)

Wembamba si kipimo, wala maneno ya kwenye boksi si kipimo. Kipimo kimeandikwa kwenye fimbo yenyewe, sentimita chache juu ya mpini, kwa maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi. Hapo utakuta mambo matatu: urefu, nguvu ya mshipi na uzito wa chambo. Fimbo halisi ya kijito itakuwa na maandishi yanayokaribia haya: futi 5 inchi 6, mshipi pauni 2–6, chambo 1/32–1/4 ya aunsi. Maana yake ni urefu wa sentimita 168, mshipi unaokatika kwa kilo 0.9 hadi 2.7, na chambo cha gramu 0.9 hadi 7. Mara nyingi pia kuna herufi UL, kifupi cha Kiingereza cha “nyepesi kabisa”.

Namba ya kutazama kwanza ni ile ndogo ya chambo. Wanunuzi wengi huangalia kubwa, wakitaka kujua fimbo inaweza kubeba nini. Kwenye kijito swali ni kinyume chake: je, fimbo hii inaweza kuhisi kitu kidogo? Utakuwa unarusha spina (chambo cha chuma chenye jani linalozunguka) namba 0 au namba 1, yaani gramu 2.5 hadi 3.5 hivi. Fimbo hurusha kwa kupinda na kunyooka. Mkono ukirudi nyuma, uzito wa chambo huivuta ncha ikapinda. Mkono ukienda mbele, ncha hunyooka na kukipeleka chambo. Chambo kisipoweza kuipinda ncha, fimbo inabaki kuwa mti tu. Unatupa kwa nguvu za bega, chambo kinafika mita nne na kwenda upande, na kwenye kijito cha upana wa mita tatu upande ni kichakani. Kwa hiyo fimbo iliyoandikwa gramu 5–15 haifai hapa, hata iwe nyembamba kama unyasi. Tafuta inayoanzia gramu 1, na isizidi 2.

Jambo la pili ni mahali fimbo inapopinda, na hili lisichanganywe na nguvu yake. Fimbo mbili zenye herufi UL zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Moja hupinda kwenye robo ya juu tu, sehemu ya chini ikabaki ngumu. Nyingine hupinda hadi katikati. Nyingine hupinda mpaka karibu na mpini. Kwa spina na kijito chukua ile ya kati. Huna nafasi ya kuzungusha mkono mzima, kwa hiyo unahitaji fimbo inayopinda kwa mtikiso mdogo wa kifundo cha mkono. Pia mshipi wako ni mwembamba na mdomo wa trauti ni laini. Fimbo inayopinda hadi katikati humeza mshtuko samaki anapokimbia ghafla, na ile ngumu huung'oa ulimi wa ndoana (kijino kilicho nyuma ya ncha yake) mdomoni.

Kuhusu malighafi, kuna kaboni na kuna faibaglasi. Kaboni ni nyepesi zaidi na huleta mkononi kila mguso, lakini ikigongwa kwenye mwamba hupata ufa usioonekana, kisha hukatika wiki mbili baadaye ukiwa na samaki mdogo tu. Faibaglasi ni nzito kidogo, hunyooka polepole, na huvumilia mawe. Kwa anayeanza kutembea kwenye mito ya mawe kama Gura au Thego, sisi tungemnunulia faibaglasi au mchanganyiko wa hizo mbili, ingawa wauzaji wengi watakusukuma kwenye kaboni.

Ukienda dukani, beba rili (kifaa cha kukunjia mshipi) yenye mshipi wake, spina uliyoondoa ndoana, na kipande cha pamba. Funga rili, pitisha mshipi kwenye pete zote, uache spina ining'inie sentimita 30 kutoka nchani. Tikisa kifundo cha mkono taratibu, bila kutumia bega. Ncha inatakiwa ipinde ukaona kwa macho. Isipopinda, irudishe, usisikilize maelezo. Kisha pitisha pamba ndani ya kila pete na kuizungusha; pete yenye ufa hunasa nyuzi za pamba, na pete hiyo itakukatia mshipi siku ya kwanza. Halafu tazama fimbo kutoka mpinini kuelekea nchani ukiwa umefunga jicho moja: pete zote ziwe kwenye mstari mmoja. Kwenye futi tano na nusu tunataka pete zisizopungua sita, ukihesabu ya nchani. Zikiwa nne, mshipi utagusa mwili wa fimbo inapopinda, na urushaji utapungua.

Mwisho angalia mpini. Kutoka mguu wa rili hadi kitako cha fimbo pasizidi sentimita 20. Mpini mrefu ni wa kurushia kwa mikono miwili baharini. Mtoni hukwama kwenye koti na kugonga kiwiko kila unaporudisha mshipi.

Mmoja ananiambia futi nne na nusu, mwingine futi saba. Mto ninaovua ni mwembamba, una mianzi pande zote. Nani mkweli? (Msomaji, Kinangop)

Wote wawili, kila mmoja kwenye mto wake. Urefu wa fimbo hauchaguliwi kwa ukubwa wa samaki, maana kwenye vijito trauti wengi hawafiki robo kilo. Huchaguliwa kwa kilicho juu ya kichwa chako na kwa mkondo ulio mbele yako.

Simama katikati ya mto mahali unapovua mara nyingi. Nyosha mkono juu huku umeshika fimbo yoyote ya mita moja na nusu. Ikigusa matawi kila unapogeuka, chukua fimbo ya sentimita 140 hadi 155. Ikiwa anga iko wazi kwa sehemu kubwa na shida yako ni mawe na mikondo mingi, chukua sentimita 180 hadi 200. Fimbo ndefu hukuwezesha kuinua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulio kati yako na kidimbwi cha upande wa pili. Mshipi ukilala kwenye mkondo huo, maji huuvuta, na spina hukimbia kuliko samaki anavyotaka. Kwa fimbo fupi huwezi kuuinua.

Kwa mto wa mianzi kama wako, tungechukua sentimita 150, na tungejifunza urushaji wa upinde, kwa sababu ndio unaofanya kazi chini ya matawi. Unafanywa hivi. Acha mshipi utoke nchani kwa urefu unaokaribia nusu ya fimbo. Fungua waya wa rili, ule unaouzuia mshipi usitoke, huku umeubana mshipi kwa kidole cha shahada. Kwa mkono wa kushoto shika ndoana kwenye mkunjo wake, kwa vidole viwili tu, ncha ya ndoana ikiangalia nje. Vuta kuelekea nyonga hadi fimbo ipinde, elekeza ncha kwenye upenyo, kisha achia ndoana na, mara tu baada yake, achia kidole. Ukiachia kidole kwanza, mshipi hulegea na chambo huanguka miguuni. Spina ya gramu 2.5 hufika mita tano hadi saba kwa njia hii, ikipita chini ya tawi lililo futi mbili juu ya maji.

Usijaribu urushaji huu kwa ndoana ya matawi matatu. Mbili zinabaki wazi karibu na kiganja. Badilisha weka ndoana moja, na uibane ulimi wake kwa koleo.

Fimbo ninayo, ya gramu 1 hadi 7. Shida ni mshipi: baada ya saa moja unajisokota, na nikirusha unatoka fundo kubwa kama kiota. Nimebadilisha rili mara mbili. (Msomaji, Murang'a)

Rili huenda haina kosa. Sababu ziko nne, na kwa kawaida huja pamoja.

Ya kwanza ni unene. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.25 kwenye gurudumu dogo la rili hukumbuka umbo la gurudumu. Ukitoka hutoka kama springi, na chambo cha gramu 2 hakina uzito wa kuunyoosha. Teremka hadi milimita 0.16 au 0.18. Nailoni ya unene huo hubeba karibu kilo mbili, na kwa trauti wa kijito hiyo inatosha kabisa.

Ya pili ni kujaza kupita kiasi. Acha milimita 2 kati ya mshipi na ukingo wa gurudumu. Ukijaza hadi ukingoni, mizunguko mitatu au minne huanguka kwa pamoja unaporusha, na hicho ndicho kiota chako. Ukijaza kidogo mno, mshipi husuguana na ukingo na chambo hakifiki.

Ya tatu ni spina yenyewe. Jani lake huzunguka, na lisipozunguka vizuri mwili mzima huzunguka na kuusokota mshipi. Weka kiungo cha kuzunguka, kidogo kabisa upatacho, sentimita 40 juu ya spina. Usikiweke moja kwa moja kwenye spina, kwani huivuta kichwa chini na jani hugoma.

Ya nne ni mkono. Baada ya kurusha, wavuvi wengi huzungusha mpini wa rili ili waya ujifunge wenyewe. Waya ukijifunga hivyo huacha kitanzi kilegevu juu ya gurudumu, na mizunguko inayofuata hulala juu yake. Funga waya kwa mkono, inua ncha kidogo ili mshipi ukaze, ndipo uzungushe.

Mshipi ambao umekwisha kusokotwa unaweza kuokolewa. Ondoa spina na kiungo, simama mahali penye mkondo wa wastani, achia mita 30 za mshipi mtupu zielee kuelekea chini ya mto, ungoje dakika tatu. Maji huufungua. Kisha urudishe ukiwa umeubana kwa vidole kupitia kitambaa chenye maji. Ukiona bado unajikunja, uache. Nailoni ni kitu cha kubadilishwa mara kwa mara, na ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika zana zako.

Na kwa kuwa umetaja rili: kwa fimbo ya aina hii chagua namba 500 hadi 1000, yenye uzito usiozidi gramu 220. Breki yake, yaani sehemu inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, uipime kwa chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ikijaa ina nusu kilo na kidogo. Funga mshipi shingoni mwa chupa, shika rili bila fimbo, inua taratibu. Chupa ikinyanyuka, kisha mshipi ukaanza kutoka polepole bila kukatakata, breki iko sawa kwa mshipi wa kilo mbili. Ikitoka kwa mitikisiko, breki ni chafu au mbovu, na mtikisiko ndio unaokata mshipi mwembamba.

Ncha ya fimbo yangu ya kaboni imekatika sentimita sita kutoka juu, nikiwa navuta spina iliyonasa chini ya jiwe. Inatengenezeka? (Msomaji, Nanyuki)

Inatengenezeka. Kata sehemu iliyochanika kwa kisu chembamba ukizungusha fimbo, usiivunje kwa mkono. Lainisha kwa msasa mzuri hadi pasiwe na uzi wa kaboni unaotokeza. Pima kipenyo cha mahali hapo kwa milimita na sehemu za kumi za milimita. Pete za nchani huuzwa kwa kipenyo cha mrija wake, kama 1.6, 1.8 au 2.0. Tumia gundi ngumu ya kuyeyusha kwa moto, ile ya vijiti. Pasha moto kijiti, si fimbo. Paka kidogo, sukuma pete, ipange na pete nyingine kabla haijapoa. Usitumie gundi kali ya tone moja, maana siku pete hiyo ikiharibika hutaitoa bila kuvunja ncha tena. Fimbo itakuwa ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa, na huenda ikataka spina namba 1 badala ya 0.

Kilichoivunja si jiwe. Fimbo haivuti kitu kilichonasa. Elekeza ncha moja kwa moja kwenye chambo, fimbo na mshipi viwe mstari mmoja, zungushia mshipi mara tatu kwenye kijiti au mkono wa koti, kisha rudi nyuma hatua moja. Kabla ya hapo jaribu kupita juu ya mto na kuvuta kutoka upande ule; mara nyingi spina huwa imeingia kwenye ufa kwa mkondo na hutoka kwa njia iliyoingilia.

Mahali pengine fimbo za aina hii zinapokatikia ni wakati wa kumnyanyua samaki. Mtu huinua fimbo hadi ncha irudi nyuma ya bega lake huku samaki yuko karibu na magoti. Uzito wote huhamia kwenye sentimita 20 za juu, ambazo ni nyembamba kuliko kalamu. Ukiwa majini, mwache samaki aje kwenye wavu wa mkono, fimbo ikiwa imelala upande, isizidi pembe ya mraba na mshipi.

Niko Portland, Maine, na Desemba nakuja nyumbani. Nataka kununua fimbo huku nije nayo Nyeri, na pia niitumie kwenye vijito vya huku. Inawezekana moja ikafanya yote mawili? (Msomaji, Marekani)

Bila shaka. Vijito vya misitu ya Maine vina samaki wa jamii ya trauti, wa asili ya huko, na wanavuliwa kwa vifaa vilevile: spina ndogo, mshipi wa pauni 4, fimbo ya futi tano au tano na nusu. Nunua ya vipande vinne au vitano. Futi tano na nusu ikigawanywa mara nne huwa vipande vya sentimita 45 hivi, na huingia ndani ya sanduku la kawaida. Iweke kwenye mrija mgumu. Mfuko wa kitambaa peke yake hauikingi na wapakiaji wa mizigo.

Usishawishike na fimbo ya kuvuta kama antena kwa sababu tu ni fupi mkobani. Chembe za mchanga zikiingia kwenye vikunjo vyake hukwaruza na kukwama, pete zake ni chache kwa kuwa lazima zikae kwenye viungo, na zile za bei ndogo hupinda kwa hatua hatua badala ya mkunjo mmoja.

Kwenye fimbo ya vipande vingi jifunze kuunganisha. Anza na vipande vya juu. Ingiza kila kiungo pete zikiwa zimepishana robo mzunguko, sukuma, kisha zungusha hadi zilingane. Baada ya kurusha kwa nusu saa kagua kila kiungo kwa kidole, kwa sababu kiungo kilicholegea hupasuka kwenye mdomo wake. Kisipobana, sugua nta ya mshumaa kwenye sehemu inayoingia. Kiking'ang'ania, usitumie koleo. Chuchumaa, pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika pande mbili za kiungo, mikono ikiwa imegusa magoti kwa nje, halafu panua magoti taratibu. Kiungo hutoka kwa mvuto ulionyooka.

Kabla ya kupanda ndege, osha viatu vya mtoni, wavu na soksi, uvianike hadi vikauke kabisa, hata ndani. Trauti wa Marekani wana magonjwa yanayosafiri kwenye tope na unyevu, ukiwamo ule unaowafanya samaki wachanga wazunguke mkia wao. Mito yetu haiwahitaji wageni hao. Kulabu zote ziende kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Nimeambiwa mito mingine ya trauti inaruhusu nzi bandia tu, yaani ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu. Mimi sina fimbo ya nzi. Hii ya rili ya kawaida inaweza kurusha nzi? (Msomaji, Nairobi)

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Ewart Grogan, samaki wakawekwa mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri ndicho kimekuwa kikizalisha vifaranga. Uvuvi wake una leseni na masharti yake, na masharti hutofautiana kati ya mto na mto, hata kati ya sehemu mbili za mto mmoja. Ulizia ofisi ya uvuvi ya kaunti, au lango la hifadhi ikiwa mto uko ndani ya hifadhi. Uliza maswali mawili waziwazi: je, ni nzi bandia tu? Na je, nzi anayerushwa kwa fimbo ya rili ya kawaida anakubalika? Usijijibu mwenyewe.

Wakikubali, njia ipo. Nzi peke yake hana uzito hata wa nusu gramu, kwa hiyo harushwi bila msaada. Tafuta boya dogo la plastiki angavu lenye tundu la kuingizia maji. Ukilijaza nusu, uzito wake wote uwe kati ya gramu 4 na 6. Upime kwa mizani ya jikoni, kwa sababu fimbo yako mwisho wake ni gramu 7. Funga boya mwisho wa mshipi, kisha kutoka hapo funga mita moja ya nailoni ya milimita 0.14 na nzi namba 14. Usizidishe mita moja na robo, la sivyo samaki atabaki mbali na wavu wakati boya limeshafika nchani. Rusha kwa duara pana na taratibu. Mtikiso wa haraka unaotumika kwa spina huufunga uzi wa nzi kwenye boya.

Lakini ukiwa na hamu ya nzi hasa, nunua fimbo yake: futi 6 na nusu hadi 7 na nusu, ya mshipi namba 2 au 3. Wajapani wana nyingine isiyo na rili kabisa, iitwayo tenkara, ya mita 3.3 hadi 3.6, inayokunjwa ikawa nusu mita, na mshipi hufungwa nchani. Aliyekua akivua kwa ufito wa mwanzi ataielewa mara moja.

Ninaposhuka kwenye maji huwa sijui fimbo niiweke wapi, na nimeshaikwangua sana kwenye mawe na vichaka. (Msomaji, Nyandarua)

Vichakani ibebe kitako kikiwa mbele na ncha nyuma. Ncha ikitangulia hukutana na shina wakati wewe bado unatembea. Usining'inize spina kwenye pete ya fimbo, maana ndoana huipasua; ining'inize kwenye mguu wa rili na ukaze mshipi kidogo.

Majini tembea ukielekea juu ya mto. Trauti husimama akiangalia mkondo, kwa hiyo unamjia kwa nyuma, na tope unalolitibua linakwenda mbali naye. Rusha mbele yako, na zungusha rili kwa kasi inayozidi mkondo kidogo tu. Utahisi jani la spina likitetema nchani. Mtetemo ukipotea, spina imesimama au imebeba jani la mti.

Mkono mmoja uwe na fito la kuegemea, upande wa juu wa mkondo. Usivuke palipozidi magoti kwenye maji ya kasi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, mto unaweza kufura kwa mvua iliyonyesha mlimani huku kwako kuna jua. Dalili ya kwanza ni vijiti na majani makavu yanayopita juu ya maji, kisha maji kubadilika rangi. Ukiona vijiti tu, toka. Ukiteleza, itupe fimbo ukingoni, usiikumbatie. Na radi ikianza kunguruma iweke chini uondoke, kwa sababu kaboni hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo hiyo usiipitishe chini ya nyaya za stima ikiwa imesimama. Ndani ya Aberdare nenda na askari wa wanyamapori. Nyati hulala vichakani kando ya mito ileile unayovua.

Huku kwetu hakuna trauti. Tuna perege na kambare kwenye mito midogo. Fimbo hii itanifaa? (Msomaji, Morogoro)

Kwa perege inafaa sana: ndoana namba 10, mnyoo, boya dogo na chubwi ya gramu 1. Perege wa nusu kilo kwenye fimbo ya gramu 1 hadi 7 atakupa kazi ya kutosha. Kwa kambare hapana. Kambare wa kilo tatu huingia chini ya mizizi, na fimbo laini haiwezi kumgeuza. Utapoteza mshipi, na huenda ncha. Yeye mtafutie fimbo ya gramu 10 hadi 30 na mshipi wa kilo 6.

Kuhusu kuingia majini, ushauri wetu wa mito ya milimani usiuhamishie bondeni. Mto wowote ambao wenyeji wanasema una mamba au kiboko, vulia ukingoni, mbali na maji kwa hatua kadhaa, mahali palipo wazi. Hapo fimbo ya sentimita 200 itakufaa kuliko ya 150, kwa sababu itabidi mshipi wako upite juu ya matete ya ukingoni.